Ajali Ina Kinga

Kila mwenzetu akikatwa mkono kiwandani huku ughaibuni, tunakimbilia msemo wetu: ajali haina kinga. Mimi ni mhandisi, na nasema msemo huo unatuua.

Mwaka 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, pampu moja ilikuwa imetolewa vali yake ya usalama ili itengenezwe. Usiku pampu ya pili ikazimika. Zamu ya usiku haikuiona karatasi iliyoeleza habari za vali, ikawasha ile ya kwanza. Gesi ikavuja, ikalipuka. Watu 167 wakafa. Tuseme ni kudra?

Karatasi hupotea, kufuli hubaki kwenye swichi. Zima mashine, kata umeme, toa presha iliyobaki, tia kufuli lako, ufunguo mfukoni mwako, kisha jaribu kuiwasha. Ikikataa, ndipo uingize mkono. Marekani ililiweka hili katika kanuni mwaka 1989.

Najua tunaogopa kufukuzwa. Lakini msimamizi akisema "dakika moja tu", kataa. Kazi nyingine utapata. Mkono mwingine hupati.