Diski D tupu, C imejaa: muuzaji, hiyo kazi ni yako

Wale wenzangu mnaouza laptopu na kompyuta za magemu kwa kuposti mtandaoni, leo nataka tubishane kidogo. Tangazo linasema "SSD 256, HDD 1TB, magemu yote yanapiga". Mteja analipa, anawasha, anaweka Steam, anaanza kushusha. Siku mbili mbele anakutumia skrinshoti: nafasi haitoshi. Unamjibu "futa vitu vyako boss". Mimi nasema hilo jibu linatuharibia soko sote.

Hesabu iko hivi. SSD ya GB 256 ukiifungua kwenye Windows inasomeka kama GB 238, maana mtengenezaji anahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024. Toa Windows yenyewe na programu za kawaida. Sasa Red Dead Redemption 2 peke yake inataka GB 150! Na Steam usipoielekeza inajiweka C, kila gemu linafuata huko huko, ile 1TB imekaa tu kama sebule ya wageni.

Watu wananiuliza wapi pa kuchagua diski ya faili za muda, zile zinazoshuka kabla gemu halijakamilika. Kwenye Steam hakuna sehemu yake peke yake. Zinakaa kwenye folda ya "downloading", ndani ya "steamapps", kwenye diski ile ile uliyochagua kuweka gemu. Kwa hiyo unahamisha maktaba, na za muda zinafuata. Fungua "Settings", ingia "Storage", ongeza diski D, kisha bonyeza vidoti vitatu uifanye ndiyo chaguo la kwanza. Dakika mbili. Epic yenyewe inauliza mahali pa kuweka kila unapoanza gemu jipya, kwa hiyo hapo mwonyeshe tu mteja asibonyeze bila kusoma.

Ila balaa kubwa ni apdeti. Faili ikibadilika, Steam inajenga nakala mpya pembeni ndipo inaondoa ya zamani. Gemu lenye faili moja ya GB 30 linaweza kudai nafasi ya GB 30 wakati kinachoshushwa ni MB mia tatu. Mteja wa kawaida atajuaje? Anaona umemuuzia diski feki. Kuna kijana alinunua mashine kwa muuzaji mwingine, akakwama hapo hapo, akafuta gemu zima, akaanza kulishusha upya kwa bando la simu. Aliponifuata mimi bando lilikuwa limekata na gemu halijafika nusu. Hela ya bando ilipotea, na yule muuzaji alishachafuliwa kwenye komenti zake mwenyewe.

Najua mtaniambia HDD ni nzito. Kweli, nzito. Steam inafungua vifurushi huku inashusha, kwa hiyo kwenye HDD utaona mtandao unasimama kidogo ukisubiri diski. Lakini hiyo si sababu ya kurundika kila kitu C. Gemu analocheza kila siku likae C, mengine D. Akibadili mawazo asishushe tena: bonyeza gemu kulia, "Properties", "Installed Files", kuna kitufe cha kuhamisha folda. Linahama lenyewe bila kula bando.

Wanaopenda kumwongezea mteja diski ya nje ya mtumba, angalieni imefomatiwa vipi. FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4, na magemu ya sasa yanazo nyingi za hivyo.

Mimi kazi hii naifanya kabla ya kufunga mzigo. Naweka Steam, naiongeza D, napiga skrinshoti ya "Storage" namtumia mteja pamoja na picha za mashine. Silipishi ya ziada, nimeshaiweka kwenye bei. Tangu nianze kutuma hiyo skrinshoti, maswali ya "mbona imejaa" yamepungua sana.

Na kama mashine ina diski moja tu ya 256, andika hivyo hivyo kwenye tangazo: inabeba gemu kubwa moja na madogo machache. Wapo wanaotaka hiyo hiyo kwa bei yake, na hao hawarudi na malalamiko.