Koki Si Adhabu ya Kufeli

Koki ya bafuni kwangu hapa Sumbawanga ilivuja wiki tatu. Ni koki ya ukutani, ya nusu inchi, ile ya kukingia ndoo. Usiku wa Julai, baridi ya Ufipa ikiwa imeingia hadi ndani ya blanketi, nililala nikisikiliza matone. Fundi alisema atakuja kesho, halafu kesho nyingine. Simlaumu. Nani aache kufunga mabomba ya nyumba nzima aje kuhangaika na tone?

Nilipomwambia rafiki yangu kwamba nitaibadilisha mwenyewe, alicheka. "Kaka, wewe msomi, utashikaje spana?"

Namjibu hapa, kwa sababu maneno yale si yake peke yake. Ni yetu sote tuliokaa darasani miaka 16. Tangu utotoni tuliambiwa: usiposoma utaishia kuwa fundi. Tukasoma kwa hofu hiyo, tukafaulu, na leo tunapiga simu kumwomba mtu aje kukaza nati. Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akipinga shule inayomfanya kijana aone kazi ya mikono haina hadhi. Mkondo wa amali umeanza sekondari mwaka 2024, na bado nawasikia watu wazima wakiuita mahali pa kuwatupia walioshindwa fizikia.

Na haya tunayasema Ufipa! Katika nyanda hizi wazee wetu waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Kilichotoka humo kilisafishwa tena kwenye tanuri ndogo, kintengwe, ndipo kikafuliwa jembe. Profesa Bertram Mapunda ameuchimba na kuuandika ufundi huo. Kwa hiyo mikono ya babu ni utafiti wa uzamivu, lakini mjukuu wake mwenye spana ni "fundi tu".

Kazi yenyewe? Nilifunga koki kuu iliyo karibu na mita, nikafungua ya bafuni maji yaliyobaki yaishe. Nikaifungua kwa spana malaya (jina si langu, muulize muuza vifaa yeyote), nikaenda nayo dukani ili nisikosee saizi. Kisha nikazungushia thredi tepu kwenye meno ya koki mpya, nikaikaza, nikafungua maji. Ikavuja kuliko ile ya zamani.

Nilikuwa nimeizungusha tepu kinyume. Ukiitazama koki upande wa meno, tepu ifuate mshale wa saa; la sivyo, unapokaza, yenyewe inajikunjua. Jambo dogo hivyo, na hakuna mtihani wowote uliowahi kuniuliza. Mara ya pili nilitaka kukaza kwa hasira, nikajizuia. Kiungio kilicho ndani ya ukuta ni cha plastiki. Kikipasuka, unavunja vigae. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi kwa maji ya baridi, na kwa mara ya kwanza nilielewa fundi anacholipwa: kujua pa kuishia.

Rafiki yangu alikuja na hoja nyingine, hii nzito kidogo: namnyima fundi riziki. Ningeiheshimu zaidi kama yeye mwenyewe asingekuwa bingwa wa kubembeleza bei. Tunaotetea riziki ya fundi ndio tunaomwambia, "Kwani umefanya nini? Si umekaza tu?" Hatuijui kazi, hivyo tunaidharau, tunaidharau, hivyo tunailipa kwa kununa. Wiki mbili baadaye bomba langu la chini ya sakafu lilipasuka. Hilo sikuligusa. Nilimwita fundi yule yule, akataja bei, nikalipa bila kubembeleza. Nilikaa pembeni nikimshikia tochi na kuuliza maswali, na naamini hakuna mhadhara niliousikiliza kwa makini kama ule.

Juzi binti wa jirani, yuko kidato cha pili, alibisha hodi.

"Shikamoo anko. Naomba spana."

"Marahaba. Baba ndiye kakutuma?"

"Hapana, ya kwangu. Koki ya kwetu inavuja."

Nikampa na tepu iliyobaki, nikamwonyesha upande wa kuzungusha. Mama yake alisimama mlangoni akitutazama, hakusema kitu. Spana haijarudi, nami sijaenda kuidai.