Umechoshwa na kazi? Tafuta jambo usilolipwa kulifanya

Kijana mwenzangu, Jumapili jioni unaijua vizuri. Nguo za kesho umeshazipiga pasi, lakini ukiifikiria ofisi tu, tumbo linakaza. Ukifika kazini unasoma barua pepe moja mara tatu na huielewi. Mteja akikuuliza swali dogo unataka kulia. Wikendi unalala mchana kutwa, na bado unaamka ukiwa hoi.

Huo si uvivu. Mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliutaja uchovu huu katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Halikuuita ugonjwa, bali hali inayoletwa na msongo wa kazini uliodumu bila kudhibitiwa. Ishara zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi yako, na kuona kwamba hakuna la maana unalofanya.

Sisi wa mjini tumezoea dawa mbili. Ya kwanza ni kujirusha Ijumaa usiku hadi mfuko ukauke. Ya pili ni kutafuta kibarua cha pili kwa sababu cha kwanza hakitoshi. Zote mbili zinakurudisha Jumatatu ukiwa umechoka zaidi.

Maoni yetu ni haya: jaribu hobi, tena mpya usiyoijua kabisa.

Mnamo 2007 watafiti Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walitaja mambo manne yanayomsaidia mfanyakazi kupata nafuu akitoka kazini: kuiondoa kazi akilini, kutulia, kujifunza jambo jipya na kujiamulia muda wake. Kulala kwenye kochi ukibonyeza simu kunaweza kukutuliza, sawa, lakini kazi itatokaje akilini na kundi la WhatsApp la ofisi limo kwenye simu hiyo hiyo? Ukiwa unahesabu mishono ya krosheti, au unawaza hatua ya farasi kwenye sataranji, huna nafasi ya kukumbuka maneno ya mdosi.

Wala usiseme hobi ni za wenye pesa. Chukua gunia kuukuu, lijaze udongo na samadi, weka nguzo ya mawe katikati ili maji yafike chini, kisha toboa mashimo ubavuni na upande miche ya sukuma wiki. Watu wa Kibera wamefanya hivyo miaka mingi kwa sababu ya chakula. Wewe fanya kwa sababu ya akili pia. Huna nafasi ya gunia? Ndoo moja ya dhania dirishani inatosha. Kama unapenda kusoma, ingia Maktaba ya McMillan katikati ya jiji, au matawi yake ya Kaloleni na Makadara.

Sasa, onyo. Ukishafuma kofia mbili tu, rafiki atakuambia, "Si uanze kuuza!" Kataa, angalau kwa sasa. Siku utakapoanza kupokea oda, utakuwa na mteja, tarehe ya mwisho na malalamiko, yaani kazi nyingine. Hobi inakufaa kwa kuwa unaruhusiwa kuiharibu. Sukuma ikikauka, hakuna atakayekuandikia barua ya onyo.

Lakini tusidanganyane. Gunia la sukuma haliwezi kumrekebisha mwajiri anayekupigia simu saa nne usiku. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku zisizopungua 21 za kazi za likizo yenye malipo kila baada ya miezi 12. Ni haki yako, kwa hivyo iombe kwa maandishi. Tunajua anayeendesha boda au anayeuza mtandaoni hana mtu wa kumwomba likizo. Huyo ajipangie nusu siku yake mwenyewe, na ailinde kama anavyolinda mtaji.

Na ikiwa usingizi umepotea kabisa, au unawaza kujidhuru, hapo usingoje hobi. Mwone daktari au mshauri nasaha leo.

Kwa wengine wote, anza mos mos. Jumamosi hii, saa mbili tu, simu ukiiacha chumbani. Ukikosea mshono, fumua uanze tena. Hakuna anayekuhesabia.