Mgeni wa Kilombero na Jiji Letu

Kila baada ya mavuno mabasi yatokayo Ifakara, kwa njia ya Kidatu na Mikumi, hutuletea Dar es Salaam wageni wetu: shangazi, babu, au mpwa aliyemaliza shule. Huja na kiroba cha mchele mpya, nasi tukafurahi. Lakini hurejea kwao wameona nini?

Wengi hurejea wameona ua wa nyumba, foleni ya hospitali na kuta za sebule. Baba na mama wako kazini, watoto wako shuleni, na mgeni huachiwa ufunguo na redio. Jumapili ikifika, twasema tumechoka. Neno utalii tumewaachia Wazungu wenye kamera, kana kwamba mkulima anayetulisha hana macho ya kutazama. Hiyo si haki. Mji huu ni wake pia.

Mpe mgeni wako siku moja kamili. Kwanza mwulize mwenyewe angependa kuona nini. Akikuachia uchague, anzeni na Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, palipohifadhiwa fuvu la zamadamu lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959. Kisha tembeeni polepole hadi Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Mkumbushe kwamba vita hivyo vilifika hata kwao: Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero, ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji mwaka 1917. Hapo sanamu haitakuwa shaba tupu machoni pake. Huenda akawakumbuka wazee wa ukoo waliobebeshwa mizigo.

Jioni pandeni pantoni ya Kigamboni. Nauli yake si kubwa, na upepo wa bahari hauuzwi. Hapo mgeni ndiye atakayekuwa mwalimu. Kabla ya kufunguliwa daraja la mita 384, watu wa Ifakara waendao Mahenge walivuka mto kwa pantoni, na Januari 2016 pantoni hiyo ilipinduka. Mwacheni asimulie, watoto wasikilize. Watajua kwamba daraja wanaloliona picha tu gazetini, kwa wengine ni uhai.

Jambo moja zaidi. Wafundisheni watoto wasimcheke mgeni kwa lafudhi yake, wala kwa kusita kwake kuvuka barabara. Siku watakapopelekwa bondeni, wakashindwa kutofautisha mpunga na magugu, watahitaji subira ile ile.

Nanyi wazazi, likizo ijayo rudisheni ziara. Yapo mashamba yasiyo na mwisho machoni, na safu ya Udzungwa imesimama juu yake.

Kama mgeni wako bado yupo, usingoje aanze kufunga mizigo. Mwulize leo hii, kabla ya chakula cha mchana.