Simu inataka pesa kila mwezi, mahindi hutoka mara moja kwa mwaka

Wapwani wengi wakisikia jina Kibomet huuliza kwanza ni wapi. Ni Kitale, katika kaunti ya Trans Nzoia, huko yanakotoka mengi ya mahindi ya sima tunayokula huku Pwani. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka 1956, ina makao yake makuu mji huo huo. Mwenye shamba Kitale hupanda mvua zinapoanza, Machi au Aprili, na huvuna kuanzia Oktoba. Mbegu za nyanda za juu huchukua miezi sita hadi minane shambani. Kwa hivyo pesa kubwa huingia nyumbani mara moja tu kwa mwaka.

Sasa tazama mikopo iliyoletwa kwenye simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kazi yake ilikuwa kutuma na kupokea. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, mkopo wa siku 30. Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo hukuongezea pesa zikipungua kwenye akaunti, kisha hujikata yenyewe mara tu pesa yoyote ikiingia. Tarehe 30 Novemba 2022 Rais Ruto akazindua Hustler Fund, kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Riba hiyo ni nafuu sana ukiilinganisha na mingine, lakini muda wake ni siku 14.

Siku 14 mahindi hata magugu ya kwanza hayajapaliliwa.

Kila tunapojadili mikopo hii, mjadala huishia kwenye riba: ni kubwa, ni ndogo, serikali ipunguze. Nionavyo mimi, tumesahau swali la pili, nalo ni muda. Mkopo unaweza kuwa rahisi na bado ukamuumiza mtu, kwa kuwa siku ya kulipa haikutani na siku ya kupata.

Tufanye hesabu ndogo. Ada ya M-Shwari iliyozoeleka ni asilimia 7.5, bila ushuru wa serikali. Ukikopa 10,000 kwa mwezi mmoja, ada ni 750. Mwendesha boda boda pale Kibomet anaweza kuibeba, maana hupata chochote kila siku. Muuza mboga vilevile. Lakini mwenye shamba aliyenunua mbolea Machi hana cha kuuza Aprili. Atatafuta pesa mahali pengine, alipe, akope tena. Akifanya hivyo kwa miezi minane hadi mavuno, amelipa ada mara nane: shilingi 6,000 juu ya 10,000 zile zile. Hakuna aliyemuibia. Amepewa mkopo wa muuza mboga, akautumia kulima mahindi.

Na siku ya mavuno ina shida yake. Mahindi huwa rahisi wakati kila mtu anavuna, na hupanda bei baadaye ghala zinapopungua. Mwenye nafasi husubiri. Mwenye deni hawezi kusubiri, na Januari karo za shule zinabisha mlango. Anauza wakati bei iko chini, na mnunuzi akimtumia pesa kwa simu, Fuliza inakata chake kwanza. Waswahili walishasema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Msomaji wa Faza, Kipini, Gazi au Vanga asidhani haya ni ya bara peke yake. Mvuvi pia ana msimu. Kaskazi ikivuma bahari hutulia na watu hutoka. Kusi ikishika, vyombo vidogo hukaa ufuoni majuma mazima, na mama karanga naye hukosa samaki wa kukaanga. Simu haijui kusi wala kaskazi. Inahesabu siku 30, basi.

Ndio maana tajiri wa samaki hajaondoka. Hutoa nyavu, mashua au pesa ya mafuta, kisha mvuvi humuuzia yeye, mara nyingi kwa bei anayoitaka yeye. Ni mkopo ghali, ila tajiri anajua bahari na husubiri samaki. Kitale wapo wanunuzi wanaolipia mahindi yakiwa bado mabichi shambani, kwa bei ya chini. Wote wawili tunawaita wanyonyaji, na mara nyingi kweli wananyonya. Lakini wameelewa jambo ambalo simu haijaelewa: mtu hulipa anapopata.

Kwa Waislamu wengi hapa Pwani neno riba humaliza mazungumzo. Ni sawa, lakini kukataa riba hakumpi mkulima mbegu. Sheria yenyewe imeacha mlango: biashara ya salam, ambapo mnunuzi hulipa bei yote leo, na mkulima huleta mazao baadaye, kwa kipimo, ubora na tarehe vilivyokubaliwa tangu mwanzo. Watu wa Madina waliifanya kwa tende. Itofautishe na kununua mahindi mabichi ya shamba fulani, ambayo hakuna ajuaye yatatoa magunia mangapi. Tunazo benki zinazojitangaza kuwa za Kiislamu, na zinajua salam ni nini. Zingetueleza ni wakulima wangapi na wavuvi wangapi wamewahi kulipwa kwa njia hiyo.

Wala si lazima tutafute mfano mbali. Jirani na Kitale, huko Bungoma, shirika la One Acre Fund lilianza mwaka 2006 na familia zisizofika hamsini. Huwapa wakulima mbegu na mbolea kwa mkopo, nao hulipa kidogo kidogo, wakati wowote wapatapo, ilimradi deni limalizike kabla ya tarehe ya mwisho. Leo linafanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika. Na malipo yenyewe hupokelewa kwa simu ile ile. Kwa hivyo teknolojia si kikwazo. Kompyuta inayoweza kukata Fuliza sekunde ile ile pesa inapoingia haishindwi kuandika kwamba deni hili litalipwa Novemba.

Kinachokosekana ni mtu wa kuidai. Wanasiasa wakija kuomba kura hutuahidi pesa zaidi kwenye Hustler Fund, nasi tunapiga makofi. Tungewauliza jambo moja: mkopo wa mkulima wa Trans Nzoia utalipwa mwezi gani, na wa mvuvi wa Lamu utasimama wakati wa kusi au la? Vyama vya ushirika na vikundi vya ufuo, vile vya BMU, vinaweza kuandika kalenda zao na kuzipeleka benki kabla ya kusaini chochote. Asiyeweza kujibu swali la mwezi, asitupigie hesabu za asilimia.