Vitunguu Kuchanua Kabla ya Wakati: Chanzo Kianzie Kutafutwa Kwenye Mbegu

Kitunguu kinapochanua kabla ya mavuno, chakula kilichopaswa kujaza kichwa huhamia kwenye bua la ua. Shingo huwa nene, na kitunguu hakidumu ghalani. Mkulima hulazimika kuuza haraka kwa bei yoyote anayopewa. Mara nyingi lawama hutupiwa mbolea au maji, ilhali sehemu kubwa ya jibu imo katika urithi wa mbegu.

Mwaka 2013, watafiti wa New Zealand walibainisha jeni zinazoongoza hatua hizo. Jeni ya AcFT1 huuamuru mmea kutunga kichwa. AcFT4 huizuia AcFT1 mpaka mchana ufikie urefu unaohitajiwa na aina husika. AcFT2 huchochea uchanuaji baada ya mmea kupitia kipindi cha baridi.

Kwa Tanzania, matokeo hayo yana maana mbili. Kwanza, mchana wa nchini haufiki saa 13 katika mwezi wowote; hivyo aina za Ulaya zinazohitaji saa 14 au zaidi huweza kuota vizuri na kuishia majani bila kichwa. Aina za mchana mfupi, kama Red Creole, ndizo zinazofaa. Pili, katika maeneo ya miinuko kama Njombe, miche iliyokwisha kukua ikipigwa na baridi ya Juni na Julai kwa wiki kadhaa, huweza kuchanua hata kama mbegu ni halali.

Aidha, wepesi wa kuchanua hurithiwa. Mkulima anayekusanya mbegu kutoka kwenye mimea iliyochanua mapema huchagua, bila kukusudia, kizazi kitakachorudia kasoro hiyo. Mbegu bora hutokana na vichwa vilivyokomaa, vikachaguliwa, vikahifadhiwa, kisha vikapandwa upya ili vitoe maua. Kazi hiyo huchukua muda mrefu zaidi, na gharama yake huonekana katika bei ya mbegu dukani.

Hapa ndipo Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 na Taasisi ya Udhibiti wa Ubora wa Mbegu (TOSCI) zinapomgusa mkulima moja kwa moja. Kasoro ya kuchanua haionekani kwa macho katika punje ya mbegu. Hujitokeza shambani baada ya miezi, wakati msimu umekwisha kupotea. Uthibitisho wa aina kabla ya kuuzwa ndiyo kinga iliyopo.

Hata hivyo, lebo haimchagulii mkulima mwezi wa kupanda. Hivyo basi, mnunuzi hana budi kuuliza jina la aina, kukagua lebo na kushauriana na afisa ugani kuhusu tarehe ya kusia mbegu kulingana na mwinuko wa eneo lake, kabla kitalu hakijaandaliwa.