Kusaidia Mathe Tu
Tangazo linataka kijana wa dukani, miaka 18 hadi 20, mwenye uzoefu wa miaka miwili. Hebu piga hesabu. Huo uzoefu aliupata wapi, akiwa kidato cha pili? Ama aliyeandika tangazo alizaliwa na kalkuleta mkononi?

Na hata hivyo, uzoefu tunao. Binamu yangu ana miaka 19. Saa kumi alfajiri yuko Marikiti na mamake, anakagua gunia la viazi asije akauziwa mawe. Kwa kibanda anajua nani ana deni, na vile ya kulidai bila kumpoteza mteja. Jioni analinganisha M-Pesa na pesa taslimu mpaka shilingi ya mwisho. Kwa CV ameandika: sina uzoefu. Nikamgombeza. Akanijibu, "Si hiyo ni kusaidia mathe tu."

Nani alimfunza kusema hivyo? Ni nyinyi, mabosi, ambao kazi bila barua yenye muhuri hamuioni.

Halafu kabla hata ya mahojiano mnadai cheti cha polisi cha tabia njema. Shilingi 1,050. Mtu hana mshahara, na analipia ruhusa ya kuutafuta! Mkishamchagua mmoja, huyo ndiye alete cheti. Hawa wengine mia mnawatoza kwa nini?

Mpeni binamu yangu kaunta wiki moja. Na hiyo wiki mumlipe, juu nawajua, mtaiita mafunzo.